Sola ya maji imepasuka bomba wakati baridi haikufika sifuri. Fundi anasema siyo barafu. Tusaidiane

#1 Spana_Kumi
Wakuu, salaam.

Nina hita ya maji ya sola juu ya paa, ile ya paneli bapa yenye kioo, tangi limekaa juu yake na maji yanazunguka yenyewe bila pampu. Usiku wa kuamkia leo anga lilikuwa jeupe, wingu hakuna, upepo hakuna. Kipimajoto changu cha barazani huwa kinahifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, na kilisoma nyuzi 3. Alfajiri kila kitu kilikuwa shwari. Kwenye saa tatu, jua likiwa limeshaipiga paneli, maji yakaanza kuporomoka kutoka kwenye paa.

Fundi kaja, kafungua kioo. Kati ya yale mabomba membamba ya shaba yanayopanda, la pembeni kabisa limechanika katikati, ufa wa urefu wa kidole, kingo zimefunuka kwa nje. Yeye anasema ni presha ya maji. Hoja zake mbili: kwanza maji hayagandi kwa nyuzi 3, pili kama ni barafu lingepasuka usiku, si jua likiwaka. Anataka kunifungia kipunguza presha aondoke zake.

Ni barafu au presha? Na kama ni barafu, nazuiaje isirudie? Msimu wa baridi ndio kwanza unaanza.

#2 Nakaa_Pembeni
Naweka kambi hapa. Na mimi ninayo ya hivyo hivyo, tumbo joto.

#3 Mzee_wa_Koki
Pole kijana. Fundi wako anachanganya saa ya kupasuka na saa ya kuvuja. Bomba hupasuka barafu inapojijenga, lakini barafu hiyo hiyo ndiyo inayoziba tundu. Halitoki hata tone mpaka jua liyeyushe kizibo. Kazi za namna hii huwa napigiwa simu saa tatu, saa nne asubuhi. Sijawahi kuamshwa usiku wa manane kwa bomba la sola lililoganda.

Halafu utazame huo ufa vizuri. Bomba lililoliwa na kutu hutoboka tundu dogo, na pembeni yake utaona ukijani. Kiungo kilicholehemewa vibaya huachia palepale kwenye kiungo. Lako limevimba kwanza, ndipo likachanika kwa urefu mfano wa mdomo wa samaki. Chukua kaliperi upime kipenyo cha nje karibu na ufa, kisha pima sehemu ya mbali. Ukikuta pamevimba, shaba ilisukumwa kutoka ndani kwa nguvu kubwa. Na usiishie hapo, pima mabomba jirani. Mara nyingi unakuta mengine yameshavimba ila hayajachanika. Hayo ukiyaacha, msimu huu hayamalizi.

#4 Dira_Kusini
Kuhusu nyuzi 3: hizo ni za barazani, chini ya paa. Paneli iko juu, imetazama anga wazi. Usiku usio na wingu inatoa joto lake kwenda juu kwa mnururisho na kurudishiwa kidogo sana, kwa hiyo inapoa kupita hewa inayoizunguka, tofauti ya nyuzi kadhaa. Ndiyo maana unaweza kukuta sakitu kwenye kioo cha gari wakati kipimajoto cha ukutani kinasoma 2 au 3. Wingu likiwepo linarudisha sehemu ya joto hilo, na upepo ukivuma unaipasha paneli kwa hewa. Wewe ulikosa vyote viwili.

Waajemi wa kale walitengeneza barafu jangwani kwa mtindo huo: dimbwi la kina kifupi, usiku mkavu, na ukuta mrefu wa kulikinga na jua. Hewa haikulazimika kufika sifuri. Vidhibiti vingi vya sola huanza kujihami kwenye nyuzi 4 au 5 kwa sababu hiyo.

#5 Bomba_Nene
Mnamwonea fundi wa watu. Mnasahau kuna kioo juu ya hiyo paneli, na kazi ya kioo ni kuzuia joto lisitoke. Kikizuia mchana, usiku kinalala?

Presha ya mtandao wa maji hupanda usiku watu wanapolala kwa sababu hakuna anayefungua koki. Nimewahi kufunga kipimo sehemu moja, mchana kinasoma baa 3, usiku kinagusa 8. Sasa bomba jembamba, la zamani, kila usiku linavutwa na kuachiwa. Siku yake ikifika linachanika, baridi iwepo isiwepo.

#6 Dira_Kusini
Bomba_Nene, kioo hakipitishi joto la mnururisho, hapo uko sahihi. Ila kinalimeza, halafu chenyewe ndicho kinachotazama anga. Kioo kinapoa, na bamba lililo chini yake linapoa kwa kutazama kioo baridi. Kinachelewesha tu.

Kitu kingine ni rangi ya bamba. Bamba lililopakwa rangi nyeusi ya kawaida linameza jua vizuri mchana, na usiku linatoa joto vizuri vilevile. Yale yenye mpako maalumu, ambao humeza mwanga wa jua lakini hautoi joto kirahisi, huchelewa zaidi kufika kwenye hatari. Spana_Kumi, lako ni la rangi ya kawaida au lina mng'ao wa bluu?

#7 Spana_Kumi
Nyeusi tii, haina mng'ao. Nimepima kama alivyosema Mzee: karibu na ufa bomba limenenepa, inaonekana hata kwa macho. La jirani nalo lina kijiuvimbe, ukipitisha kidole unakisikia. Asante Mzee.

#8 Kikokotoo
Tuweke tarakimu mezani. Maji yakiganda hujaa zaidi, ujazo unaongezeka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu inasukuma ukuta wa bomba palepale ilipo. Mara nyingi sivyo. Kizibo cha barafu kikiota upande mmoja, na upande wa pili pana kizibo kingine, koki iliyofungwa au vali ya njia moja, maji yaliyobaki katikati yanakosa pa kwenda. Barafu ikiendelea kukua inayabana, na kwa kila nyuzi moja chini ya sifuri inaweza kuyafikisha kwenye baa 130 hivi. Hapo ndipo bomba linachanika, na inawezekana pakawa mbali na penye barafu yenyewe.

Baa 8 za Bomba_Nene si kitu kwa shaba nzima. Na kipunguza presha hakisaidii hapa, wala vali ya usalama ya kwenye tangi, maana vyote viko ng'ambo ya kizibo.

#9 Bomba_Nene
"Shaba nzima." Nani kakwambia ni nzima? Mleta uzi hajasema paneli ina umri gani. Na nimpe swali: maji yake yanatoka mtandaoni moja kwa moja au kwenye tangi la juu? Kama ni tangi la juu nanyamaza, maana mita 10 za kimo ni baa 1 tu.

#10 Spana_Kumi
Mtandaoni moja kwa moja. Kipimo cha presha sina. Paneli niliikuta nyumba ikiwa nayo, umri siujui.

#11 Bomba_Nene
Aha! Mmesikia?

#12 Mama_Mvuke
Jamani, mimi niliambiwa hizi za tangi juu zinajilinda zenyewe. Kwamba usiku maji ya moto ya tangini yanarudi nyuma kwenye paneli na kuipasha. Ni uongo?

#13 Mzee_wa_Koki
Si uongo binti yangu, ila ni nusu ya habari. Inategemea tangi limekaa wapi. Kama kitako cha tangi kiko karibu na kichwa cha paneli, maji yakipoa ndani ya paneli yanakuwa mazito, yanashuka, na yanavuta maji ya moto kutoka juu. Paneli inapona, wewe unaoga maji ya uvuguvugu. Watu hawakupenda hilo, ndiyo maana mafundi wanapandisha tangi sentimita 30 au zaidi juu ya paneli, na wengine wanaweka vali ya njia moja. Joto linabaki tangini na paneli inaachwa na baridi yake.

#14 Kikokotoo
Niongezee hapo. Maji huwa mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4. Yakishuka chini ya hapo yanaanza tena kuwa mepesi. Huo mzunguko wa kurudi nyuma unaishi kwa tofauti ya uzito, kwa hiyo tusiutegemee kuikoa kila kona ya paneli. Mabomba hayapoi sawa. La pembeni, ambalo ndilo lililochanika kwa mleta uzi, limepakana na fremu.

#15 Chokaa_Tupu
Au la pembeni limeziba. Maji magumu huacha ukoko wa chokaa ndani ya mabomba membamba, na bomba lenye ukoko maji yake hayasogei, mchana wala usiku. Mwambie fundi akate kipande achungulie ndani. Mimi langu lilichanika hivyo hivyo na ndani lilibaki tundu la kupita kijiti tu. Likaganda peke yake, wenzake wazima. Kwa hiyo nyote mko sawa na nyote mmekosea, hahaha.

#16 Mtaa_wa_Pili
Mbona suluhisho ni rahisi? Mwaga kulanti ya gari kwenye mfumo, kazi imekwisha. Gari haligandi.

#17 Mzee_wa_Koki
Mtaa_wa_Pili, futa hilo bandiko kabla mtu hajalifuata!

Mfumo wa mleta uzi ni wa moja kwa moja. Maji yanayopita kwenye paneli ndiyo hayo hayo yanayotoka bafuni na jikoni. Kulanti nyingi za gari ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu, na mbaya zaidi ina ladha tamu. Mtoto akinywa hiyo ni hospitali.

Glaikoli ya sola ni propilini, yenye dawa za kuzuia kutu, na inatembea kwenye mzunguko wake uliofungwa. Joto linapita kwenye ukuta wa tangi la koti (lenye ganda la pili kwa nje) au koili (bomba lililojizungusha ndani ya tangi), maji ya kunywa hayakutani nayo. Salama zaidi ni ukuta wa ngozi mbili, mmoja ukitoboka uvujaji unaonekana nje kabla haujafika bafuni.

#18 Mtaa_wa_Pili
Nimeelewa mzee, usipandishe presha. Tayari kuna Bomba_Nene.

#19 Glaikoli_Imenichosha
Mimi ninayo hiyo ya mzunguko uliofungwa, msidanganyike kwamba ukiweka umesahau. Mchanganyiko wa propilini asilimia 30 unahimili hadi nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, asilimia 40 karibu 21, asilimia 50 karibu 33. Watu wanaona tarakimu hizo wanajaza nusu kwa nusu hata mahali ambapo baridi haizidi nyuzi 5 chini ya sifuri. Kadiri glaikoli inavyozidi, mchanganyiko unakuwa mzito kusukuma na unabeba joto kidogo zaidi. Kipime baridi cha mahali pako kwanza.

Adui yake kumbe ni kiangazi. Mkisafiri, maji ya moto hayatumiki, tangi limejaa joto, pampu inasimama na paneli inabaki inachemka yenyewe. Paneli bapa iliyosimama juani inaweza kupita nyuzi 150. Glaikoli inaungua, inageuka kahawia, inanuka, inakuwa na asidi, na asidi inaanza kula shaba ile ile uliyotaka kuiokoa. Kila mwaka natoa kijiko kimoja, napima kwa refraktomita (kifaa cha kuonyesha nguvu ya mchanganyiko) na karatasi ya pH, ya kupima asidi. pH ikishuka chini ya 7 namwaga yote naweka mpya. Na asiwepo wa kuniambia niongezee maji tu pale presha inaposhuka. Ukiongeza maji kila mara unaipunguza nguvu bila kujua, na baridi itakuja kukukumbusha.

#20 Nakaa_Pembeni
Sasa nimeogopa zaidi kuliko nilivyoingia.

#21 Umeme_Hakuna
Kuna njia ya kuzungusha maji ya moto. Sensa kwenye paneli ikisoma nyuzi 4 au 5, pampu inawaka, inatuma maji ya tangini mpaka paneli ipate joto, inazima. Ni rahisi na haina kemikali.

Tatizo lake ni jina langu. Usiku wa baridi kali na dhoruba ndio usiku ambao umeme unakatika.

#22 Mtaa_wa_Pili
Si unaweka pampu ya sola?

#23 Umeme_Hakuna
Saa tisa usiku hilo jua unalitoa wapi mkuu?

#24 Mtaa_wa_Pili
Betri! Betri! Mna haraka ya kucheka nyie.

#25 Umeme_Hakuna
Betri hapo sawa, ila betri nayo ikae ndani. Nje, baridi inaipunguzia nguvu usiku ule ule unaoihitaji.

#26 Msomi_wa_Zamu
Wadau, nimeshangaa hakuna aliyemtaja Mpemba. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania, mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya uliopoa, na mwaka 1969 akachapisha na profesa Denis Osborne. Maana yake bomba la maji ya moto linaganda kwanza! Kwa hiyo kuzungusha maji ya moto ni kujichimbia kaburi.

#27 Kikokotoo
Msomi, taratibu. Hiyo inahusu vyombo viwili vinavyoachwa vipoe, kimoja cha moto na kimoja baridi. Pampu hapa haiachi maji yapoe, inaleta mengine ya moto kila yanapokaribia kupoa. Na bado watu wanabishana kama jambo lenyewe lipo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia vipimo kwa uangalifu, hawakupata ushahidi wa maana wa kuliunga mkono.

#28 Msomi_wa_Zamu
Mpemba naye walimcheka darasani.

#29 Mama_Mvuke
Turudi kwenye mada jamani. Asiye na pampu wala tangi la koti afanyeje usiku wa leo? Mimi leo usiku anga ni safi.

#30 Mzee_wa_Koki
Usiku wa leo, mwaga maji ya paneli. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye paneli na ile ya maji ya moto yanayotoka, ili tangi libaki limejaa. Fungua koki ya kumwagia iliyo chini kabisa. Halafu lazima uruhusu hewa iingie juu, kwenye kichwa cha paneli, la sivyo maji yataning'inia ndani na utadhani umemaliza. Sikiliza: hewa ikianza kuingia utasikia ikivuta, na maji ya chini yatatoka kwa kasi ghafla. Acha koki ya chini wazi mpaka asubuhi.

Paneli isiyokaa sawa, iliyoinamia upande ambao hauna koki, itabaki na maji kwenye kona. Hayo machache yanatosha kukuharibia. Na kama jua limeshawaka kabla hujarudisha maji, ngoja ipoe. Maji baridi kwenye bamba la moto hayafai.

#31 Blanketi_la_Bibi
Nyie mnamwaga, mimi nafunika. Turubai nene juu ya paneli jioni, limefungwa pembe zote, naondoa asubuhi. Kama adui ni anga, kama alivyosema Dira #4, basi mfiche anga. Sijapasuka bado.

#32 Dira_Kusini
Inasaidia kweli usiku wa sakitu nyepesi. Baridi ikikaa chini ya sifuri usiku kucha, turubai halitoi joto, linachelewesha tu. Sponji za mabomba nazo ni hivyo hivyo. Na sponji isiyokingwa na jua inakauka na kumeguka, ipakwe rangi au ivishwe karatasi ya alumini.

#33 Chokaa_Tupu
Kuna ile vali ya matone pia. Ndani ina nta, ikipoa karibu na nyuzi 4 inanywea, vali inafunguka na kudondosha maji ili maji mengine yasogee ndani ya paneli. Haihitaji umeme. Lakini kwa maji yangu ukoko ulijaa, ikakwama wazi, ikadondosha hadi mchana. Ikikwama imefunga ni balaa zaidi, maana utaamini unalindwa.

#34 Mteremko
Nashangaa hakuna aliyetaja mfumo wa kurudisha maji. Pampu ikizima, maji yote ya paneli yanashuka yenyewe hadi kwenye kitangi kilicho ndani ya nyumba, paneli inabaki na hewa. Umeme ukikatika ndiyo kwanza unalindwa, kinyume cha #21. Kiangazi pia paneli ikiwa tupu hakuna cha kuungua, kinyume cha #19. Masharti: kila bomba literemke, sentimita 2 kwa kila mita, na pasiwe hata na tumbo moja la kutuamisha maji. Pampu nayo iwe na nguvu ya kuyapandisha hadi juu kila asubuhi.

#35 Bomba_Nene
Mteremko, mleta uzi tangi lake liko juu ya paa. Maji yatashuka yaende wapi?

#36 Mteremko
Abadilishe mfumo mzima.

#37 Bomba_Nene
Kwa pesa ya nani? 😂

#38 Ombwe
Mirija ya kioo yenye ombwe, mmalize ubishi. Kati ya kuta mbili za kioo hakuna hewa, joto halitoki. Kitako chake kina rangi ya fedha, kikigeuka cheupe ujue ombwe limeingia hewa, badilisha mrija.

#39 Mzee_wa_Koki
Mirija inapona, nakubali. Nimekuta imekaa salama kabisa, na bomba la kuingiza maji pembeni yake limepasuka kwa sababu hakuna aliyelifunika. Baridi hutafuta palipo wazi.

#40 Spana_Kumi
Nimesoma yote, shukrani wadau. Fundi kakata kile kipande. Ndani kuna ukoko, si wa kuziba, labda robo ya nafasi. Kwa hiyo Chokaa_Tupu kapata pointi kidogo. Nitabadilisha mabomba yote mawili, niweke koki ya kumwagia chini na ya hewa juu, na mwakani nifikirie tangi la koti. Kipunguza presha nimemwambia asubiri.

#41 Bomba_Nene
Usimwambie asubiri. Funga hata kipimo chenye sindano ya pili inayobaki kwenye kilele cha usiku. Kisipovuka 4 msimu mzima nitaandika hapa kwamba Dira ni profesa. Kikivuka 8, mtanitafuta.

#42 Dira_Kusini
Afunge na sensa ya joto sambamba, na aishike kwenye lile bomba la pembeni, ndani ya kioo. Akiibandika kwenye fremu itasoma fremu.

#43 Nakaa_Pembeni
Mimi naenda kumwaga maji. Koki ya chini ni ile nyekundu au ya bluu?

#44 Mzee_wa_Koki
Weka picha kwanza. Usiguse kitu.